Jumamosi ya Kumuuliza Cucu Mara ya Pili

Nakumbuka Jumamosi ile tuliyomfanyia nyanya yangu sherehe ya kuzaliwa, ilhali hakuna hata mmoja wetu, wala yeye mwenyewe, aliyejua alizaliwa lini. Kitambulisho chake kina tarehe, ndiyo, lakini Cucu, maana ndivyo sote tunavyomwita, anasema tarehe hiyo ilichaguliwa na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nilipomuuliza yeye anafikiri alizaliwa lini, alinijibu, "Mahindi yalikuwa yametoa nywele." Nikamuuliza mwaka gani. "Ule mwaka mahindi yalikuwa mengi." Basi tukachagua wikendi ambayo shule zilikuwa zimefungwa, viazi vimeshatolewa shambani, na mwenye spika hana harusi.

Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Nina miaka ishirini na minane, sina mtoto, na wanaonijua watakuambia sina subira hata ya kufuga kuku. Lakini kwetu Nyeri binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina hilo, yeye ndiye huyo. Mimi ni Nyawira kama Cucu alivyo Nyawira. Baba yangu mzazi ameniita Mama tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Shangazi yangu hunigombeza kwa uangalifu, maana hawezi kumtukana mama yake. Nilipokuwa chuo kikuu nikisomea falsafa nilijaribu kuwaeleza kwamba mtu mmoja hawezi kuwa wawili, na kwamba mimi na Cucu hata damu zetu ni za makundi tofauti. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mama." Nikaacha. Kwa hiyo haki ya kutoa nasaha nilipewa kabla sijaota meno, na leo naitumia.

Nyumbani kwa Cucu ni Kieni, mbele kidogo ya Chaka ukiwa unaelekea Nanyuki, mahali ambapo upepo wa mlima haujali kama umevaa sweta. Mimi nilifika Ijumaa mchana na gunia la kabichi ambalo shangazi alikuwa ameniagiza Karatina. Baba alifika baadaye kutoka Nanyuki, ambako amekuwa fundi wa pampu za maji kwa miaka mingi. Alimsalimia mama yake kwa kuinama, akanywa chai nusu kikombe, akaenda kusimama kando ya ua akitazama shamba. Nikamfuata, kwa sababu niliona begi lake bado liko ndani ya gari.

"Baba, mbona hutoi begi?"

"Nitarudi Nanyuki jioni. Nitakuja tena kesho."

"Ati urudi, halafu uje tena? Na vitanda viko?"

Akang'oa jani kwenye ua. Nikakumbuka kwamba kwa muda mrefu sasa Baba hakuwa amelala pale. Huja, husalimia, hula kidogo, na jua likianza kuinama huwasha gari. Sote tulidhani ni kazi. Pampu za watu huharibika wakati wowote.

"Jumatatu naenda kutoa arubuni ya ploti," akasema mwishowe. "Njia ya Doldol."

Mwanangu, sina neno baya juu ya upande ule. Ni nchi pana na nzuri, na waliozaliwa huko wanajua kuishi nayo na mifugo yao. Lakini Baba ni mtu wa viazi na kabichi. Mpe ekari huko, atakaa akingojea mvua kama mtu anayengojea mgeni asiyesema atakuja lini. Kazi yake ilikuwa inaisha mwaka ule, na alihitaji mahali pa kuzeekea. Mama yangu mzazi ameishi katika nyumba za kupanga mpaka akazoea kutopigilia msumari ukutani.

"Kwa nini usijenge hapa? Si shamba liko?"

Baba akavua kofia, akaigeuza mikononi, akaanza kunieleza. Kwetu mtoto wa kiume hajiamulii mahali pa kujenga katika shamba la wazazi. Lazima aonyeshwe. Guka, babu yangu, alishafariki, kwa hiyo wa kumwonyesha alikuwa Cucu. Mwaka juzi Baba alikwenda kwake jikoni, peke yake, akavua kofia kama alivyoivua sasa, akashusha sauti kama inavyompasa mtu anayeomba, akatazama chini, akamwomba mama yake amwonyeshe mahali. Cucu alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Baba akangoja. Cucu akamaliza maharagwe, akainuka, akaenda nje kuyaosha.

"Hakusema kitu?"

"Alinyamaza. Na mzazi akinyamaza ameshajibu."

"Ulimuuliza tena?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama alivua suruali sokoni. "Mama," akaniambia, "mtu haulizi mzazi wake mara mbili."

Hiyo ni kanuni ya kwetu, na siwezi kusema haina maana. Ukimuuliza mzee mara ya pili, ni kama unamwambia jibu lake la kwanza halikukupendeza. Watu wamekosana kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa nimetoka chuoni ambako swali la kwanza ni la kusafishia koo tu, na jambo lile lilinikaa kichwani kama punje ya mahindi katikati ya meno. Kwa nini Cucu amkatalie mwanawe? Shamba lake ni kubwa kuliko nguvu zake. Kila Baba akija, humtazama kama mtu anayetazama moto usiku wa baridi. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitaka kujua mshindo wenyewe ulikuwa upi.

Jumamosi asubuhi tuliamkia viazi. Aliyekuwa msimamizi wa kazi zote ni Tata, yaani shangazi yangu, dada yake Baba, anayeishi Nyeri mjini na kuzungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Mukimo wa watu wengi si mchezo: viazi, mahindi, majani ya maboga, na mikono ya kuponda. Nikajisogeza karibu naye na kisu changu.

"Tata, ni kweli Cucu alikataa Baba ajenge hapa?"

"Nani alikuambia?"

"Nauliza tu."

"Wewe na kuuliza. Hiyo digrii ya maswali hupandwa msimu gani, tukusaidie kupalilia?" Wanawake waliokuwa wakimenya wakacheka. Tata akashusha sauti, yaani akawa anazungumza kama watu wengine. "Kama alinyamaza, alinyamaza. Mzee haulizwi mara mbili. Penye wazee haliharibiki neno."

"Na kama limeshaharibika?"

"Menya viazi, mama yangu," akasema Tata, na hapo nikajua nimefika mwisho wa njia hiyo.

Nikamenya. Lakini macho hayamenyi viazi, yalikuwa na nafasi. Cucu alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya stoo, mgongo ukutani, uso kwenye geti, akitoa njegere kwenye maganda. Alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa na sweta ya zambarau tuliyomletea. Jirani mmoja akapita kando, upande wa banda la mbuzi, akamsalimia. Cucu akaendelea na njegere zake. Jirani akafika kwetu akinong'ona, "Siku hizi huyu mama anajisikia, ama ni hiyo sweta?" Muda si mrefu simu ya Cucu ikaanza kulia ndani ya mfuko wa aproni, wimbo mzima, mara mbili. Cucu hakuigusa. Tata akatikisa kichwa. "Yeye na simu ni maadui. Ukitaka kumpata, njoo mwenyewe."

Mtu akija mbele yake, Cucu aliinua uso, akacheka, akajibu vizuri. Akija kando, hakuna kitu. Nilitazama watu wanne au watano wakija na kwenda, kisha nikaweka kisu chini.

Nilizunguka stoo, nikatokea karibu na bega lake, nyuma kidogo, mahali asiponiona. Nikasema kwa sauti ya chini, kama ile ya Baba anapoomba, "Cucu, nimeamua kuolewa na mbuzi wako."

Ganda likapasuka. Njegere zikaanguka kwenye bakuli.

Nikaenda mbele yake, nikachuchumaa, nikasema tena, safari hii kwa sauti ya kawaida.

"Mbuzi yupi?" akauliza Cucu. "Yule wa ndevu? Huyo tunamchinja leo." Kisha akaniangalia. Akaangalia mahali nilipokuwa nimetokea, akaniangalia tena, na kicheko kikamtoka usoni polepole kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Cucu si mjinga. Alikuwa amejua nilichofanya.

"Umenipima," akasema. "Umenipima kama gunia la viazi huko Karatina."

"Nilitaka kujua, Cucu."

"Kutaka kujua si vibaya. Mimi nilipokuwa msichana nilipigwa sana kwa sababu ya kutaka kujua, na hilo jina nimekuachia na kila kitu chake. Lakini wewe umeniuliza mgongoni. Mtu huulizwa usoni. Mgongoni husengenywa."

Mwanangu, nimekemewa na maprofesa, na nimekemewa na askari wa geti la chuo, na hakuna aliyewahi kunikemea kwa maneno machache hivyo yakaingia mbali hivyo. Nikakaa chini kwenye majani. Nikamwomba radhi, usoni. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote.

Akatazama kwanza kama Tata yuko karibu.

"Nilimwona dada yangu," akasema. "Ukisema husikii, kwanza wanapaza sauti. Halafu wanachoka kupaza sauti. Halafu wanaanza kuzungumza juu ya kichwa chako, kama wewe ni meza. Mwisho wanakuamulia. Dada yangu alijua amehamishwa alipoona godoro lake kwenye pikapu. Mimi Tata yako ananipenda, na nyumba yake mjini ni safi, lakini dirisha la kile chumba cha wageni linatazama ukuta. Mimi nataka kutazama geti langu."

"Tangu lini, Cucu?"

"Haikuja siku moja. Ilikuwa inaondoka kidogo kidogo, kama kuku wanaoibwa. Unagundua siku moja banda limenyamaza."

Hapo nikapigwa na jambo lile la jikoni, nikasahau kila kitu kingine. Nikasogea mpaka magoti yangu yakagusa yake. "Cucu, mwaka juzi Baba alikuja kwako jikoni. Ulikuwa unachambua maharagwe. Alikuomba jambo."

Mikono yake ikasimama. "Jambo gani?"

Nikafungua mdomo. Akaniwekea kiganja mbele ya uso, kikiwa bado kina harufu ya njegere.

"Ngoja. Usiniambie. La mtoto wangu nitalisikia kinywani mwake. Na wewe usimwambie la masikio yangu. Hilo nitalisema mwenyewe, siku nitakayotaka."

"Sasa mtasikizana vipi?"

"Si ni wewe uko na digrii," akasema Cucu, akarudi kwenye njegere zake.

Unaona nilivyowekwa. Baba hawezi kuuliza tena kwa sababu ya heshima. Cucu hawezi kusikia, na hataki ijulikane. Jumatatu iko mlangoni, na mimi katikati nimefungwa mdomo pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na jibu na sikuwa na ruhusa ya kulitoa, na naweza kukuambia ni mzigo mzito kuliko swali.

Muziki ulifika baada ya chakula. Mpigaji alikuwa Mzee Ndirangu kutoka Karatina, mtu mwembamba mwenye kofia ya manyoya, na kile kinanda cha kifuani kinachofunguliwa na kufungwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima kitambaa. Pamoja naye alikuwa binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuja kupiga karing'aring'a, ile pete kubwa ya chuma inayogongwa kwa kichuma kidogo. Hivyo viwili ndivyo mwomboko. Zamani vilitosha peke yavyo, lakini binamu zangu walikuwa wamekodi spika zenye ukubwa wa kabati, na Mzee Ndirangu hakukataa. "Mimi nimezeeka," akasema akijaribu maikrofoni, "wacha umeme ufanye kazi."

Kama hujawahi kuuona mwomboko, ni dansi ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke wameshikana. Hatua mbili, kisha mnapinda magoti na kugeuka. Hakuna kuruka, hakuna kujionyesha. Wazee huucheza wakiwa na nyuso za watu wanaosikiliza kesi.

Mara tu muziki ulipoanza niliona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Tata alitaka kumwambia kitu pasta wa kanisa lao, akamwinamia na kumpigia kelele sikioni. Pasta naye akampigia kelele. Jirani yule wa asubuhi alimkaribia Cucu, akamshika bega, akapaza sauti karibu na kitambaa chake cha kichwa, na Cucu akacheka na kumjibu. Mwingine akaja, na mwingine. Kila aliyetaka soda aliomba kwa kupiga kelele sikioni. Uwanja mzima ulikuwa hivyo. Pale hakuna aliyesikia vizuri, kwa hiyo hakuna aliyekuwa kiziwi. Na Cucu, mwanangu, Cucu alikuwa anang'aa. Alikuwa mtu aliyerudi sokoni kwake.

Nikageuka kumtafuta Baba. Hakuwa kwenye viti. Nilimkuta kwenye gari, amevaa koti, funguo mkononi.

"Unaenda wapi na keki haijakatwa?"

"Nimeshakula, Mama. Wacha niende kabla ukungu haujashuka."

"Nenda ukamuulize tena."

"Nani?"

"Unajua nani. Muulize sasa hivi."

Uso wake ukafunga. "Tulishamaliza hiyo maneno jana. Mtu haulizi mzazi wake mara mbili."

 Siri haikuwa yangu. Falsafa yote niliyosoma ilikuwa imesimama kando, haina la kusema. Na hapo, wakati nimeshakata tamaa, nikaliona lile jambo ambalo nimelibishia tangu nipate akili.

"Baba, mimi ni nani?"

"Una nini sasa?"

"Nauliza. Mimi kwako ni nani?"

"Wewe ni mama yangu," akasema, bila kufikiria, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake.

"Kweli, ama ni mazoea tu?"

"Kweli."

"Basi kama ni kweli, mimi mama yako nakuambia hivi. Mwaka juzi uliniuliza jambo jikoni na nikanyamaza. Sasa nakuruhusu. Nakuomba. Niulize tena. Na uniulize kwa sauti, kwa sababu huko kuna spika."

Baba akageuza funguo kidoleni. Nilidhani ataniambia nisicheze na mambo makubwa, na labda ningestahili. Badala yake akavua koti, akalitupa garini. Akaweka funguo mfukoni. Akavua kofia, akaiacha juu ya boneti, akaelekea uwanjani na kichwa wazi.

Sikumfuata karibu. Nilisimama penye sufuria za chai nikatazama. Alifika kwa Cucu, akainama, akamnyooshea mkono kama vijana wanavyofanya, na watu wakashangilia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akicheza tangu Guka aage dunia. Cucu akainuka. Baba akamshika. Hatua mbili, wakapinda, wakageuka. Nilikuwa na wasiwasi kwamba Cucu atapotea kwenye mpigo, lakini hakupotea. Baadaye nilimuuliza alifuata vipi. Akaniambia ile ngurumo ya spika aliisikia kwenye nyayo, na mengine yote yalikuwa mikononi mwa mwanawe. "Mwomboko hauchezwi na masikio," akasema. "Ungekuwa wa masikio, babu yako hangeweza hata kidogo."

Walizunguka mara kadhaa. Kisha nikaona Baba ameinama, mdomo wake uko kwenye sikio la mama yake, na mishipa ya shingo imesimama. Baba yangu, ambaye hata pampu ikimmwagia maji huguna tu, alikuwa anapiga kelele. Kutoka pale nilipokuwa sikusikia hata neno. Hakuna aliyesikia. Kile kinanda na ile karing'aring'a vilifunika kila kitu, ikawa ombi lake liko salama katikati ya watu wote wale kuliko lilivyokuwa jikoni.

Cucu akasimama. Wenzao waliokuwa nyuma wakawagonga. Akarudi nyuma hatua moja, akamshika Baba mashavu kwa mikono miwili, akamtazama usoni kama anayesoma. Akasema kitu. Baba akainama, akapaza sauti tena. Akawa ameuliza mara ya tatu, mtu ambaye hakuthubutu mara mbili.

Nikaona Cucu anafunga macho. Nilijua anahesabu muda wote ule ambao mwanawe alikuja na kuondoka na begi halijashuka garini, kila kikombe cha chai kilichobaki nusu. Kisha akamshika mkono na kuondoka naye uwanjani. Tata akakimbia na kiti akidhani mama amechoka. Cucu akamsukumia kando kile kiti, mkono mmoja tu, bila kusimama. Wakapita banda la mbuzi, nami nikawafuata kwa mbali. Pale kwenye ua akachomoa ufito mmoja, akaendelea nao mpaka chini ya mistari iliyokwisha kutolewa viazi, mahali ambapo ardhi ina mteremko mdogo na mlima unaonekana wote ukiamua kuonekana. Akauchomeka ufito ardhini. Akaurudia kwa kisigino mpaka ukasimama.

Baba alipiga magoti pale kwenye udongo na suruali yake ya sherehe. Cucu akatemea viganja vyake mate kidogo, kama wazee wa kwetu wanavyobariki, akampaka kifuani. Mimi, kwa tabia yangu, nimewahi kuuliza mate yana nini ndani yake hata yabariki. Siku hiyo swali hilo halikuja. Nyuma yetu Mzee Ndirangu alikuwa anaendelea kupiga, na binti yake anagonga chuma, na watu wanapinda na kugeuka wakidhani ni sherehe ya kuzaliwa tu.

Baba alilala nyumbani usiku ule. Jumapili baada ya kanisa tulimkuta shambani na kamba, yeye na mama yangu mzazi, aliyefika asubuhi ile kutoka Nanyuki, wakibishana mlango utazame wapi. Alimpigia simu mwenye ploti akamwambia hatakuja Jumatatu, na akamwomba msamaha kwa kumchelewesha. Mimi hakunitajia neno. Alinitazama tu, nikinawa mikono penye tangi, akatazama kiti cha Cucu kilichowekwa mgongo ukutani, akanitazama tena. Nilijua ameelewa kila kitu. Hakuuliza, na nilimshukuru kwa kutouliza, ingawa sikuwahi kudhani nitamshukuru mtu kwa hilo.

Naweza kuandika haya leo kwa sababu Cucu alishasema mwenyewe, kwa wakati wake, mezani, na kila mtu akiwa mbele ya macho yake. Alisema pia kwamba hahami. Tata alilia, akampeleka kwa daktari, na sasa ana kifaa cha masikio ambacho hukitoa anapochoka na Tata. Nyumba ya Baba imefika kwenye paa. Mama amepigilia msumari wake wa kwanza hata kabla rangi haijapakwa.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wakubwa wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Lakini hawakutuambia tufanye nini mkuu asiposikia la mdogo. Waheshimu wazee wako. Inama, vua kofia. Lakini jiulize heshima yako inafika wapi. Ukinong'ona ombi lako ukitazama sakafu, kisha ukaenda zako na jeraha, umemheshimu mzee au umeiheshimu hofu yako? Kimya cha mtu si jibu mpaka ujue kimenyamazia nini. Huenda hakusikia. Huenda alisikia nusu. Huenda naye alikuwa anangoja uinue uso. Kwa hiyo uliza tena. Uliza kwa sauti inayofika. Na unapouliza, simama mbele ya mtu, akuone midomo na macho, usimzunguke nyuma kumtega kama nilivyofanya mimi na yule mbuzi.

Na mila usizitupe kwa sababu umesoma. Zishike, uzigeuze mkononi, uziulize kazi yake ni nini. Ile moja ilimfunga baba yangu mdomo. Ile nyingine, ya jina, ambayo niliidharau kwa miaka, ndiyo iliyomfungua. Bado sijui kama mimi ni nyanya yangu. Bado nauliza. Lakini siku hiyo ilibidi mtu awe mama yake, na nilikuwa karibu.

Mungu anayeutazama mlima huu na miji yake yote akupe sauti isiyoona haya kurudia. Akupe subira ya kungoja jibu, na moyo wa kuwatunzia watu siri zao mpaka wazitoe wenyewe. Wazee wako wakae nawe muda wa kutosha uwaulize yote. Nawe utakapozeeka, asikosekane mtoto wa kuja kukaa mbele yako, usoni kabisa, akuulize tena. Kaa na amani, mwanangu.